Shikamoo Isiyoitikiwa

«Shikamoo Mama. Mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka 41, naishi Chanji hapahapa Sumbawanga. Naendesha Kosta ya abiria, asubuhi Tunduma, jioni Sumbawanga. Zamani nilikuwa Dar es Salaam kwenye daladala za Kimara–Kariakoo, mpaka mwaka 2016 mwendokasi ulipoanza na sisi tukaondolewa Barabara ya Morogoro. Nikahangaika na njia nyingine, mwisho nikaona bora nirudi nyumbani.

Mama, hasira zangu za barabarani zimenishinda. Nyumbani mimi si mtu wa kelele, lakini nikishika usukani nakuwa mtu mwingine. Natukana, napiga honi, nikichomekewa lazima nilipize. Mwezi uliopita tulikwama Tunduma kwenye foleni ya malori zaidi ya saa nzima. Abiria wananilaumu mimi, mwenye gari anapiga simu anauliza hesabu. Jioni naingia mjini, kijana wa bodaboda akanichomekea. Nikakanyaga breki, abiria wakaangukiana. Nilimfukuza nikamkata kwa mbele, nikashuka na spana ya tairi. Kumbe ni mtoto tu, labda miaka 19. Akazima pikipiki, akaniangalia, akasema, "Shikamoo baba." Nikasimama pale na spana mkononi. Sikumwitikia. Konda ndiye aliyekuja kunishika.

Tangu siku hiyo usingizi hauji. Mke wangu anasema nimechezewa, twende kwa mtaalamu. Rafiki yangu anasema ni ugonjwa wa akili. Wengine wanasema niache udereva. Na juzi binti yangu wa darasa la pili kaona pikipiki inapita, katamka neno ambalo kalisikia kwangu. Nisaidie, Mama.»

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona spana peke yake, nikaogopa. Mara ya pili niliona foleni na simu za mwenye gari, nikakuonea huruma. Mara ya tatu ndipo nilipoiona ile salamu. Ungeweza kuiacha, na barua yako ingebaki nzito vilevile. Umeiandika kwa sababu unajua kidonda kiko wapi, na nitarudi hapo. Kwanza nijibu uliyoniuliza.

Hukuchezewa. Nakuuliza: siku ile pale Tunduma, semitrela lililokuzibia njia lilikuwa na dereva au halikuwa naye? Ulimfuata na spana? Trafiki anapokupiga mkono na kukuandikia faini kwa kosa ambalo wewe unaona si kosa, unamtukana? Unasema «sawa afande», unakunja karatasi, unaweka mfukoni. Mwenye gari anapokupigia mara ya tano unaitika «ndiyo bosi». Hasira yako ina macho, mwanangu. Ilimpita dereva wa semi, ikampita afande, ikampita bosi, ikaenda kutua kwa kijana wa miaka 19 aliye juu ya pikipiki, asiye na bati wala kioo cha kumkinga. Mtu aliyerogwa hachagui hivyo, na aliyerukwa na akili hachagui hivyo.

Najua maneno haya yanauma. Lakini ndani yake ndimo yalimo matumaini yangu juu yako, kwa sababu hasira inayoweza kunyamaza mbele ya afande ina uwezo wa kunyamaza mbele ya mtoto wa mwenzio. Kwa hiyo mwambie mama watoto fedha ya mtaalamu aiweke kwenye ada. Wazee wanasema hata jina la mji wetu maana yake ni kutupa uchawi. Tusiurudishe sisi kwa sababu ya foleni.

Hospitali uende, lakini kwa jambo jingine: ukapime presha, na umweleze daktari kuhusu usingizi. Mtu asiyelala hana breki, hata kama gari lake linazo. Na kama hasira hii imewahi kufika nyumbani, kama umewahi kumwinulia mkono mkeo au watoto na hukuniandikia, hilo nalo umwambie daktari, usilifiche.

Sasa tuje kwenye foleni.

Tunduma naijua. Mwaka 2019 marais wawili, Magufuli wa kwetu na Lungu wa Zambia, walikizindua kile kituo cha pamoja cha mpakani ili lori likaguliwe mara moja badala ya mbili. Ni kazi nzuri. Lakini mzigo wote ule wa Zambia na Kongo unapita katika mji mmoja mwembamba, na siku mambo yakikwama malori yanajipanga mpaka macho yanachoka kuyahesabu. Wewe wa Sumbawanga unajikuta umefungwa katikati ya watu ambao hata hawaendi unakokwenda. Naelewa kwa nini damu inachemka.

Lakini chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Kutoka Tunduma mpaka hapa ni kama kilomita 224. Gari lako la abiria lisizidi 80 kwa saa, sheria unaijua. Ukienda 80 bila kusimama, ni saa 2 na dakika 48. Ukivunja sheria ukaenda 100, ni saa 2 na dakika 14. Umeokoa dakika 34, na hizo ni za kwenye karatasi tu, maana wewe husafiri kwenye karatasi. Kuna Ikana, kuna Laela, kuna Mpui, kuna vibao vya 50, kuna mama wa kushuka na magunia mawili na kuku. Kuna mkokoteni wa ng'ombe umejaa mahindi, na mtoto anayeuongoza hana habari na saa yako. Saa uliyoipoteza Tunduma hairudi njiani. Sijapata kuona dereva aliyeirudisha. Nimeona waliojaribu, na baadhi yao nimekwenda kuwazika. Kwa mwendo wa 80 gari linameza mita 22 kila sekunde. Sekunde unayoitumia kugeuza shingo ili uone uso wa uliyemtukana, umekwisha kupita nyumba mbili bila kuangalia mbele.

Kwa hiyo ulipoingia mjini jioni ile ulikuwa unakimbiza kitu ambacho kilikwisha kufa tangu saa nane mchana. Kijana yule alikikuta kimekwisha kufa, wewe ukamshika yeye kwa kesi ya mauaji.

Alikosea. Kuchomekea gari la abiria ni kosa, na kungeweza kumwua yeye na kuwaumiza wa kwako. Lakini hebu mtazame vizuri, kwa sababu siku ile hukupata nafasi ya kumtazama. Pikipiki ile pengine si yake. Wengi wao wanaendesha kwa mkataba: kila jioni hesabu ipelekwe, iwe mvua iwe jua, mpaka siku mkataba utakapokwisha na chombo kiwe chake. Siku moja ya kukosa ni deni la kesho. Kwa vyovyote vile jioni ile naye alikuwa na simu mfukoni, na mtu wa kumpigia. Wewe una bosi anayeuliza hesabu, yeye ana bosi anayeuliza hesabu. Hesabu mbili zilikutana kwenye barabara moja, wenye hesabu wakiwa wamekaa kwao wanakunywa chai, na walioshikiana spana ni ninyi wawili.

Nikueleze kuhusu marehemu baba yangu. Alikuwa dereva wa Bedford katikati ya miaka ya 1970, Rukwa ilipokuwa mkoa mchanga, maana ulianzishwa mwaka 1974. Barabara ya Tunduma wakati huo ilikuwa udongo mtupu. Masika yakishika, safari unayoimaliza wewe kabla ya chakula cha mchana ilichukua siku mbili, na wakati mwingine lori lililala njiani siku ya tatu. Likizo alikuwa ananichukua, nakaa katikati yake na utingo. Nakumbuka malori mawili yakikutana mahali pembamba, tope huku na huku, na njia ni moja. Baba alikuwa anazima injini. Wa upande wa pili naye anazima. Wanashuka wote wawili. Na kila mara, kabla hajampa mwenzake mkono, baba aliufuta kwanza kwenye suruali, kiganja halafu mgongo wa mkono, taratibu, kama mtu anayeingia msibani. Kisha wanasalimiana, na si kwa haraka: nyumbani, watoto, mvua za huko utokako, daraja limesimama? Wakishamaliza ndipo wanapoligeukia tope na kulitazama pamoja. Mwenye mzigo mzito anapewa njia. Mwenye mwepesi anarudi nyuma, utingo wa mwenzake akimwongoza.

Sikuwahi kuona wakigombana. Walikuwa na hasira kama zako, na baba nyumbani alikuwa mkali. Ila matope yaliwalazimisha washuke, na ukishashuka ukamshika mtu mkono, kumtukana kunakuwa kazi ngumu.

Lami siilaumu hata kidogo. Ule mkataba wa fedha za Wamarekani ambao Rais Kikwete na Rais Bush waliusaini Dar es Salaam Februari 2008 ndio uliotuletea lami hii, na nimewaona kwa macho yangu akina mama wa Laela wakiwahi hospitali na kurudi na watoto wao hai. Lakini lami ilipokuja, madereva waliacha kushuka. Leo mnapishana vioo vimefungwa, kilichobaki cha kuzungumzia ni honi na taa, na honi haijui kusema «samahani» wala «pita wewe kwanza». Inajua neno moja tu.

Yuko Mwingereza mmoja, Roy Willis, msomi wa mila na jamii, aliyekaa na wazee wetu wa Ufipa miaka ya 1960. Mwaka 1989 alichapisha makala kuhusu alichokiita fumbo la amani ya Ufipa. Falme zetu mbili, Nkansi na Lyangalile, zilipata kupigana huko nyuma; ilikuwaje basi watu hawa wakawa watu wa amani, wasiopenda magomvi? Nalitaja hilo kwa sababu wako watakaokuambia kwamba wewe si Mfipa wa kweli, Dar imekuharibu. Usiwasikilize. Amani haikuwa ndani ya damu. Ingekuwa ndani ya damu, usingeshuka na spana. Ilikuwa ndani ya mazoea, kama yale ya baba ya kufuta mkono, na mazoea mtu huyaacha na tena huyarudia.

Dar ulijifunza mazoea mengine, na sikulaumu, ulikuwa unatafuta mkate. Daladala mbili zinagombea abiria mmoja pale Ubungo; anayepisha analala njaa. Miji mikubwa yote inafundisha hivyo: kule Los Angeles, kiangazi cha 1987, madereva walifika mahali pa kupigana risasi barabarani. Lakini Dar uliyemtukana hukumwona tena maishani. Sumbawanga utamwona kesho. Utakaa naye benchi moja kanisani Kristo Mfalme, utamkuta msibani Kizwite, mama yake ndiye anayekuuzia vitumbua asubuhi ukisubiri gari lijae. Umekuja na mazoea ya mji wa wageni katika mji wa majirani, ndiyo maana usingizi umekukimbia. Na nasema usingizi ulikuwa na haki ya kukukimbia. Ungelala vizuri, ningeogopa zaidi.

Jambo la sheria nalisema upesi. Kijana yule akienda polisi, kosa lake la kuchomekea halitalifuta lako. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 89, kinahusu matusi na vitisho, na mtu aliyeshuka na chuma mkononi mbele ya abiria wa Kosta nzima hana pa kukimbilia. Ikifika huko, sema kweli.

Na spana yenyewe: leo hii itoe chini ya kiti. Ifunge nyuma pamoja na jeki, mahali ambapo kuifikia ni lazima ufungue mlango wa nyuma na kuhamisha mizigo ya watu. Ukipata pancha utaifuata. Ukipata hasira, kabla hujamaliza kuhamisha gunia la pili utakuwa umeshajiuliza unatafuta nini.

Udereva usiuache, kwa sasa. Una watoto watatu, na ukiuacha ukiwa hivi utaipeleka hasira hiyohiyo sokoni au shambani. Ila mwenye gari lazima umkabili, na usiende peke yako. Tafuta madereva wenzako wawili watatu wa njia hiyo, mkae na wenye magari, muwaeleze kwamba siku ya foleni ya Tunduma si siku ya kawaida na hesabu yake isiwe ya kawaida. Waambieni pia kwamba dereva akiwa njiani simu za hesabu apigiwe konda. Wakikataa, angalau umesema, na wewe utaizima simu. Nasema kama mtu aliyekulia ndani ya lori: nusu ya hasira ninazoziona barabara ile zimeanzia kwenye simu.

Konda wako, aliyekushika mkono jioni ile, umemshukuru? Hukuniandikia. Yeye ndiye aliyekuokoa na gereza. Mpe ruhusa mbele ya abiria akuambie «taratibu, mkuu» bila kuogopa kufukuzwa kazi. Na akome kuwaahidi abiria saa ya kufika. Aseme «tutafika jioni», kama wazee walivyosema.

Foleni ikikukamata tena Tunduma, fanya alichofanya baba yangu. Zima injini. Shuka. Nenda kwa dereva wa semi aliye mbele yako, umsalimie, umwulize amekaa pale tangu lini. Utakuta ana siku ya pili, hajaoga, na mtoto wake anaumwa huko Iringa au Kitwe. Saa yako moja itapungua uzito hapohapo. Na ukiwa mjini, mtu akikuchomekea, shusha kioo kabla hujagusa honi. Najua asubuhi za Juni hapa kwetu baridi inakata masikio, shusha hivyohivyo. Mwite kwa cheo chake: kijana, mdogo wangu, mzee. Hutafanikiwa kila siku. Ukishindwa Jumatatu, jaribu Jumanne.

Binti yako usimchape kwa lile neno, kalipata kwako. Mkalishe, umwambie: «Neno lile baba alikosea kulisema, na mimi ninaliacha.» Atakuangalia sana. Kisha siku moja mpandishe mbele katika gari, asione kitu kingine chochote ila baba yake akimpisha mtu wa baiskeli aliyebeba mkaa.

Nimebakiza lile la salamu.

Umenieleza kwamba alizima pikipiki, akakuangalia, akasema shikamoo. Nimefikiri sana juu ya mtoto huyu nisiyemjua. Angeweza kukimbia, pikipiki inapita mahali Kosta haipiti. Angeweza kuwaita wenzake wa kijiweni, na hapo tungekuwa tunaongea habari nyingine, maana hao wakikusanyika hakuna dereva anayetoka salama. Alikuona umeshika chuma, akakuita baba. Kwa neno moja alikurudisha mahali pako pa ukubwa, akakuachia nafasi ya kuushusha mkono bila aibu. Wala sidhani alipanga. Alilelewa hivyo, na neno likatoka. Ni wewe uliyekosa la kumjibu, kwa sababu «marahaba» haitamkiki na spana mkononi. Ukiitikia tu, umekwisha kuwa baba yake, na baba hampigi mtoto aliyemwamkia.

Basi nenda. Chagua Jumapili, baada ya misa, siku ambayo huna hesabu. Gari liache nyumbani, utembee kwa miguu kutoka Chanji. Vijiwe vingi vina mwenyekiti. Anza kwake, umweleze ulichofanya bila kupunguza, umwombe akuitie kijana. Mtafute na mzee mmoja wa mtaani kwenu aende nawe, akae pembeni. Usibebe fedha mkononi kama mtu anayenunua kitu. Kama kulikuwa na taa iliyovunjika au kioo, uliza bei baadaye, ulipe. Wenzake watasema maneno, wengine makali; yapokee. Na yeye akisema hataki kukuona, mwambie umemsikia, geuka urudi, usimfuate mara ya pili.

Lakini simfikirii hivyo. Atakapokuona unakuja kwa miguu, mikono mitupu, nadhani atashuka kwenye pikipiki, na atakuamkia tena kama alivyolelewa. Ufute mkono kwanza. Halafu umwitikie.